Mikataba minne ya mwaka mmoja mmoja, sasa naambiwa wa nne "umeisha wenyewe". Nina haki ya kulalamika?

Chaki Nyeupe (14 Januari 2024)

Wakuu, habari za Jumapili. Naomba msaada wa wenye uelewa wa sheria za kazi, na wenye utani nawaomba mnihurumie kidogo leo.

Mimi ni mwalimu wa sekondari ya binafsi hapa Morogoro, nafundisha Fizikia na Hisabati. Nilianza Januari 2020 kwa mkataba wa mwaka mmoja, 1 Januari hadi 31 Desemba. Mpaka sasa nimesaini minne ya aina hiyo. Na kusaini kwenyewe kulikuwa hivi: mkataba unaisha Desemba, Januari naingia darasani kama kawaida, mshahara unatoka, halafu Machi huko ndiyo meneja wa shule ananiita nisaini karatasi yenye tarehe ya Januari. Mwaka 2022 nilisaini tarehe 11 Aprili. Naikumbuka kwa sababu ilikuwa mwezi wa Ramadhani na meneja alikuwa hoi, alinisukumia karatasi bila hata kuniangalia.

Mkataba unasema anayetaka kuendelea aombe kwa maandishi miezi miwili kabla haujaisha. Niliandika barua tarehe 16 Oktoba 2023, katibu muhtasi akagonga muhuri wa kupokea kwenye nakala yangu. Haikujibiwa, lakini hata za miaka ya nyuma hazikuwahi kujibiwa.

Wiki ya mwisho ya Novemba mwalimu wa taaluma akabandika ratiba ya 2024 kwenye chumba cha walimu. Nina vipindi 26, na nimeandikwa mwalimu wa darasa wa Kidato cha Tatu B. Nikaipiga picha. Kwenye kundi la WhatsApp la shule mkuu wa shule akaandika kwamba walimu wa Fizikia tuandae maazimio ya kazi ya Januari mapema, mwakani hataki visingizio. Walimu wa Fizikia tupo wawili tu.

Tarehe 28 Desemba nipo nyumbani Muleba, niko juu ya banda la mama nabadilisha bati, meseji inaingia kutoka kwa mhasibu: "Mwl, mkataba wako unakoma 31/12. Uongozi hautaendelea nawe. Uje ukabidhi vitabu na nyumba." Basi. Barua hakuna, sababu hakuna.

Rafiki yangu anasema nidai kiinua mgongo cha miaka minne, notisi, na mishahara ya miezi 12. Mwingine anasema mkataba ukiisha umeisha, nisipoteze nauli. Nani yuko sahihi?

Fundi Viatu (14 Januari 2024)

Pole ticha. Sisi wa shule za binafsi Desemba huwa tunalala na viatu.

Kitengo cha Utumishi (14 Januari 2024)

Mkuu, nitakuwa mkweli kwako maana hii ndiyo kazi yangu ya kila siku. Mkataba wa muda maalumu unakufa wenyewe tarehe yake ikifika. Mwajiri hakufukuzi, kwa hiyo hahitaji sababu, kikao cha nidhamu wala notisi, isipokuwa kama mkataba wenyewe umeidai. Kama kila mkataba ungelazimika kuhuishwa, kungekuwa na maana gani ya kuandika tarehe ya mwisho? Watu wanasaini mwaka mmoja, kichwani wanaweka miaka thelathini. Chukua stahiki zako, tafuta shule nyingine, walimu wa Fizikia wanatafutwa kama dhahabu.

Mama Kijacho (14 Januari 2024)

Nipo hapa nasoma. Yangu ni Februari.

Babu Tarishi (14 Januari 2024)

Kitengo amesema kweli nusu, na nusu aliyoiacha ndiyo inayomhusu huyu mwalimu.

Nimekuwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi kiwandani miaka mingi, benchi za Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) nazifahamu mpaka misumari yake. Mimi si wakili, lakini haya nimeyaona yakibishaniwa mara nyingi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 36, inaeleza nini maana ya kuachishwa kazi. Wengi wanadhani ni mwajiri kukupa barua ya kukufukuza tu. Lakini pale kwenye (a)(iii) imo pia hii: mwajiri kushindwa kuhuisha mkataba wa muda maalumu kwa masharti yale yale au yanayofanana nayo, endapo mfanyakazi alikuwa na matarajio ya msingi kwamba utahuishwa. Maana yake, ukithibitisha matarajio hayo, lile la "umeisha wenyewe" linageuka kuwa kuachishwa kazi. Hapo mwajiri anaanza kuulizwa mambo ya kifungu cha 37: sababu yako ni ipi, na utaratibu uliufuata?

Sasa neno zito ni "msingi". Kuna Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007. Kanuni ya 4 inaanza kwa kumuunga mkono Kitengo: muda ukiisha, mkataba unakoma wenyewe. Halafu inasema mkataba unaweza kuhuishwa kimyakimya ikiwa mfanyakazi ameendelea kufanya kazi baada ya muda kwisha na mazingira yanaruhusu. Halafu inakuja kwenye matarajio, na hapo inamtwika mzigo mfanyakazi. Ni wewe unayepaswa kuonyesha kitu kinachoshikika, kama vile mkataba kuhuishwa huko nyuma au mwajiri kuahidi kuuhuisha.

Nimeona watu wakisimama mbele ya mwamuzi wanasema "nilifanya kazi kwa moyo, nilijua wataniongeza". Hiyo inaishia kwenye daftari la mwamuzi kwa mstari mmoja. Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi, kwenye shauri la mapitio namba 154 la mwaka 2010, ilishasema wazi kuwa kanuni za kuachishwa kazi isivyo haki haziihusu mikataba ya muda maalumu inayofika mwisho wake, isipokuwa kupitia mlango huohuo wa kifungu cha 36 ukisomwa pamoja na kanuni ya 4. Mlango ni mmoja na ni mwembamba. Waajiri wananukuu uamuzi huo kila siku.

Wewe mwalimu una nini cha kupita nacho? Barua ya Oktoba yenye muhuri. Mikataba minne mfululizo. Ratiba yenye jina lako. Meseji ya mkuu wa shule. Na kile ulichokisema kama mzaha, kwamba unasaini Machi na Aprili. Ndugu yangu, hilo ndilo lililonifanya nikae vizuri kwenye kiti. Januari hadi Aprili 11 mwaka 2022 ulikuwa unafundisha kwa mkataba upi? Ule wa 2021 ulikuwa umekwisha. Mwajiri mwenyewe amekuzoesha kwamba 31 Desemba ni tarehe ya kwenye karatasi tu.

Ila angalia kalenda. Malalamiko ya kuachishwa kazi yanapelekwa CMA ndani ya siku 30, Tangazo la Serikali Na. 64 la 2007, kanuni ya 10. Mkataba umekoma 31 Desemba. Mwisho wako ni tarehe 30 mwezi huu. Leo ni 14.

Chaki Nyeupe (14 Januari 2024)

Mkuu Babu, asante sana. Nilikuwa nasubiri kwanza wajibu barua yangu ya malalamiko niliyowaandikia tarehe 3.

Babu Tarishi (14 Januari 2024)

Ndiyo mtego wenyewe huo. Siku hazisimami kwa sababu unabembelezana na mwajiri. Ukichelewa itabidi uombe kuongezewa muda kwa fomu nyingine na kiapo, ueleze kila siku uliyochelewa, na "nilikuwa nasubiri wanijibu" ni sababu dhaifu. Nenda wiki hii.

Bandari Huru (15 Januari 2024)

Naongezea jambo la fomu, maana hapo ndipo wengi wanapoanguka. Utajaza CMA F1, haina ada. Kuna sehemu ya aina ya mgogoro, na mwishoni kuna Sehemu B ya wanaolalamikia kuachishwa kazi peke yake. Shemeji yangu aliweka alama kwenye kila kisanduku alichokiona: kuvunja mkataba, kuachishwa kazi, ubaguzi, mshahara. Alidhani anapanua wavu. Wakili wa mwajiri alimkamata siku ya kwanza, akalazimika kuondoa shauri na kuanza upya, siku zikawa zimekwisha. Kila dai lina muda wake: kuachishwa kazi siku 30, mengine siku 60. Wewe sema jambo moja, kwamba umenyimwa kuhuishiwa mkataba ukiwa na matarajio ya msingi, yaani kuachishwa kazi isivyo haki.

Pia fomu unampelekea mwajiri nakala kwanza, apokee, ndipo unaipeleka Tume na ushahidi kuwa amepata.

Kitengo cha Utumishi (15 Januari 2024)

Babu amenikamata vizuri, sikuwa nimezingatia ile ratiba. Lakini na ninyi msimjaze upepo. Kwanza, ratiba ameitoa mwalimu wa taaluma, si mwajiri. Tutasema ni rasimu. Pili, mikataba mingi siku hizi ina kifungu kinachosema wazi kuwa kuhuishwa huko nyuma hakuzai matarajio. Mleta mada, mkataba wako unacho?

Chaki Nyeupe (15 Januari 2024)

Nimeusoma tena usiku wote. Hakipo. Kilichopo ni hicho cha kuomba miezi miwili kabla.

Kitengo cha Utumishi (15 Januari 2024)

Basi mwajiri wako amejitakia. Mimi Oktoba ningekujibu barua kwa sentensi mbili tu: tumepokea ombi, uongozi utaamua, usichukulie hili kama ahadi. Karatasi moja ingewaokoa.

Chaki Nyeupe (15 Januari 2024)

Na vipi kiinua mgongo cha miaka minne? Na notisi?

Babu Tarishi (15 Januari 2024)

Hapo rafiki yako amekuchanganyia madawa. Kiinua mgongo cha kisheria, kifungu cha 42, ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Lakini sheria imemtoa yule ambaye mkataba wake umekoma kwa muda kwisha. Kwa hiyo ukikubali kwamba muda uliisha, hupati. Ukishinda hoja kwamba uliachishwa isivyo haki, mazungumzo yanabadilika. Notisi ni hivyohivyo.

Kuna vitu huvipati kwa kushinda kesi, ni vyako tu: mshahara wa siku ulizofanya kazi, likizo ambayo hukuchukua, cheti cha utumishi. Na swali la pembeni: walikuajiri ukiwa wapi?

Chaki Nyeupe (15 Januari 2024)

Usaili ulifanyika kwa simu nikiwa Muleba, wakanitumia nauli nije.

Babu Tarishi (15 Januari 2024)

Ulitunza ushahidi wa hiyo nauli? Kifungu cha 43. Ukimaliza kazi mahali tofauti na ulikoajiriwa, mwajiri akusafirishe na mizigo yako, au alipe gharama hiyo, angalau nauli ya basi mpaka kituo cha karibu na kwenu. Morogoro mpaka Muleba na kitanda na kabati si hela ya kuchezea. Na usikabidhi nyumba ya shule kwa mdomo. Andika hati ya makabidhiano, chumba kwa chumba.

Dereva wa Kasumbalesa (16 Januari 2024)

Nimeshangaa wenzetu Kongo wana sheria kali kuliko sisi kwenye hili. Nilikaa Lubumbashi na kampuni ya malori. Kanuni yao ya kazi ya 2002 inasema mkataba wa muda hauzidi miaka miwili, na kama una mke na umetenganishwa na familia yako hauzidi mwaka mmoja. Kuhuisha ni mara moja tu, labda kwa kazi za msimu na nyingine chache. Ukizidisha hapo unahesabiwa wa kudumu. Bosi wetu alikuwa anahesabu miezi kwenye kalenda ya ukutani kwa kalamu nyekundu.

Kwetu unaweza kusaini wa mwaka mmoja mpaka meno yang'oke.

Mzawa wa Mvita (16 Januari 2024)

Huku Kenya ndugu zangu msitarajie afueni kubwa. Majaji wetu wamerudia mara nyingi kuwa kandarasi ya muda ikiisha imeisha, na mwenye kudai matarajio alete ahadi iliyo wazi kutoka kwa mwajiri. Kuhuishiwa mara tatu nne peke yake hakumtoshi mtu. Tulicho nacho kizuri ni cha vibarua, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37: ukifanya kazi mfululizo siku zisizopungua mwezi mmoja, korti inakuhesabu wa mwezi, si wa kutwa tena. Ila mwalimu wenu ana ratiba na ujumbe wa mkuu. Hata huku angesikilizwa.

Mama Kijacho (16 Januari 2024)

Babu, na mimi unisaidie. Nipo kwenye shirika, mradi wa miaka mitatu, mkataba umeandikwa "kutegemea fedha za mfadhili". Unaisha Februari 29. Mratibu alituambia kikaoni kuwa awamu ya pili inakuja.

Babu Tarishi (16 Januari 2024)

Mama, wako mgumu. Maneno ya fedha za mfadhili yanakata matarajio kwenye mzizi, na mratibu alisema mradi unakuja, hakusema wewe unakuja. Kama muhtasari wa kikao upo na umetajwa kwa jina au cheo, uombe sasa ukiwa bado ndani. Ukishatoka getini, hata nenosiri la barua pepe huna.

Na NSSF usiwasahau. Kuna fao la kukosa ajira kwa aliyechangia kuanzia miezi 18. Hilo halihitaji kugombana na mtu.

Kibarua wa Pugu (16 Januari 2024)

Mimi ni kinyume chenu. Nina mkataba wa miaka miwili kwenye kampuni ya ulinzi wa mitambo, nimekatwa baada ya miezi 17. Wameniandikia "biashara imeshuka" na kunilipa notisi ya siku 28. Ndiyo basi?

Babu Tarishi (16 Januari 2024)

Siyo basi. Kanuni ya 8 ya tangazo lilelile Na. 42: mwajiri anaweza kuukata mkataba wa muda kabla ya wakati ikiwa tu mfanyakazi ameuvunja kwa kosa kubwa. Kama hujakosa, njia yake ni kukaa nawe mkubaliane. Divisheni ya Kazi imeshawahi kuamua kuwa hasara ya mfanyakazi hapo ni mishahara ya muda uliobaki. Kwako ni miezi saba. Biashara kushuka kuna utaratibu wake wa kupunguza wafanyakazi, na unaanza na kukuita mezani kabla ya uamuzi. Uliitwa?

Kibarua wa Pugu (16 Januari 2024)

Niliitwa kusaini.

Chaki Nyeupe (18 Januari 2024)

Mrejesho. Jana nilipeleka nakala ya fomu shuleni. Katibu muhtasi yuleyule aliyegonga muhuri barua ya Oktoba safari hii akasema muhuri umefungiwa kabatini na meneja. Nikaituma kwa rejesta pale posta, nikachukua risiti. Leo nimepeleka Tume, wamepokea, kuna karani pale mpole sana, alinisomea Sehemu B mstari kwa mstari. Nilikuwa nimeandika tarehe ya kuachishwa 28 Desemba, akaniuliza mara mbili kama nina uhakika. Nikarekebisha 31.

Halafu usiku nimeondolewa kwenye kundi la WhatsApp.

Bandari Huru (18 Januari 2024)

Ule ujumbe wa mkuu wa shule uliuhifadhi???

Chaki Nyeupe (18 Januari 2024)

Ninao. Ukitolewa kwenye kundi mazungumzo ya zamani yanabaki kwenye simu. Nimeyapiga picha na kuyachapisha, na mwenzangu wa Fizikia amekubali kuja kuthibitisha. Namwombea isimgharimu.

Chaki Nyeupe (13 Februari 2024)

Leo ilikuwa usuluhishi. Chumba kidogo, feni moja, sisi wanne. Meneja alikuja na wakili. Wakili akaanza na wimbo wa Kitengo, mkataba umeisha wenyewe. Msuluhishi hakubishana naye, aliuliza swali moja tu: "Mwaka 2022, kati ya Januari na Aprili, huyu mwalimu alikuwa mfanyakazi wenu au mgeni?" Meneja akamwangalia wakili. Wakili akaomba dakika kumi nje.

Waliporudi walitaja mshahara wa miezi miwili. Nikakataa, nikiwa natetemeka. Tumepangiwa siku nyingine wiki ijayo.

Fundi Viatu (13 Februari 2024)

Ticha kumbe una roho ngumu. Naomba uwe mwakilishi wetu.

Mtoto wa Mkuyuni (9 Juni 2025)

Nafufua uzi, yamenikuta haya haya. Kwa watakaosoma sasa: Bunge limefanya marekebisho ya sheria za kazi mwaka huu 2025. Mikataba ya muda maalumu ambayo zamani ilikuwa ya wenye taaluma na mameneja imefunguliwa kwa makundi mengine, zikiwemo kazi za msimu, na sehemu ya fidia nayo imeguswa. Someni sheria mpya, msibebe vifungu vya humu kama vilivyo.

Mleta mada, iliishaje?

Chaki Nyeupe (10 Juni 2025)

Samahani wakuu, nilipotea. Tulimalizana kwenye usuluhishi, kikao cha pili. Mishahara ya miezi mitano, likizo ya siku 19, na usafiri mpaka Muleba. Babu aliniambia faraghani kuwa ningeenda hatua ya uamuzi pengine ningepata zaidi, pengine nisipate kitu baada ya mwaka mzima wa tarehe. Nilikuwa na kodi ya kulipa.

Kilichonisumbua zaidi ni cheti cha utumishi. Walichoniletea kwanza kiliandika nimeanza kazi "1 Januari 2023". Miaka mitatu imefutwa kwa mstari mmoja. Msuluhishi aliniuliza kama niko tayari kusaini hati ya makubaliano, nikamwambia mpaka hicho kiandikwe upya. Tulisubiri kama saa mbili, meneja akampigia katibu muhtasi, akakileta kwa bodaboda. 2020 hadi 2023, na muhuri.